Kutoka Heller ya Mjerumani hadi hela ya mboga

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba huku Mbagala. Kikao kilichopita nilikuwa nasoma muhtasari, nikafika penye 'hela za mfuko wa jamii', mwenyekiti akanisimamisha. Akasema hela ni neno la mtaani, nifute niandike fedha. Wifi yangu aliyetoka Mombasa naye akadakia kwamba kwao hawasemi hela kabisa, wanasema pesa. Naomba kujua: hela ni Kiswahili au siyo? Ilitoka wapi? Na mwanangu anauliza kama dala ya daladala nayo ni hela."

Marahaba, dada yangu. Kikao kingine hakiko mbali, kwa hiyo nianze na hukumu. Hela ni Kiswahili halali. Imo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, inasemwa Tanzania Bara nzima, na hukuharibu kitu ulipoiandika. Mwenyekiti wako ana hoja, ila siyo hiyo aliyoitoa. Wifi yako kasema kweli tupu, na ukweli wake ndio ushahidi mzuri kuliko wote wa njia ambayo neno hili lilipita. Nitawafikia wote, na mwanao pia.

Hela ni Mjerumani. Kusini mwa Ujerumani, kando ya mto Kocher, kuna mji ambao leo unaitwa Schwäbisch Hall. Zamani uliitwa Hall tu, ukajulikana kwa chumvi yake na kwa kiwanda chake cha kufua sarafu. Katika karne ya 12 na ya 13 vijisarafu vya pale vilisambaa mbali, na watu wakaviita kwa jina la mji: "vya Hall", yaani Haller, baadaye Heller. Ni kama sokoni Kariakoo muuzaji anavyokuuliza, "Nikupimie Kyela?" bila hata kulitaja neno mchele. Mwanzoni Heller ilikuwa sarafu ya madini ya fedha. Karne zikapita, watawala wakawa wanaipunguza fedha na kuongeza shaba, thamani ikashuka mpaka ikawa sarafu ya mwisho kabisa. Wajerumani wenyewe mpaka leo wakitaka kusema mtu hana kitu, husema hana hata Heller nyekundu. Nyekundu kwa sababu ya shaba.

Ilifikaje Dar es Salaam? Hapo lazima nikurudishe kidogo kwenye sarafu zilizokuwapo kabla yake, maana Mjerumani hakukuta watu wasiojua kununua na kuuza.

Katika karne ya 19 pwani yetu ilikuwa na reale, sarafu kubwa ya fedha. Iliyotawala ilikuwa ile yenye sura ya malkia Maria Theresa wa Austria. Malkia huyo alifariki 1780, na sarafu zake zikaendelea kufuliwa miaka mingi baadaye, zote zikiwa na mwaka huohuo wa 1780. Kisha wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na rupia, na chini ya rupia kulikuwa na kisarafu cha shaba, paisa. Sisi tukakiita pesa. Sultani Barghash wa Zanzibar naye alitoa pesa zake za shaba mwaka 1882. Kwa hiyo wifi yako anaposema pesa, anataja sarafu ndogo ya Kihindi, na anayesema hela anataja sarafu ndogo ya Kijerumani. Wote wawili wamebeba mgeni mdomoni, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Kampuni ya Kijerumani iliyotangulia kushika eneo hili nayo ilianza na pesa. Kuanzia 1890 ilitoa sarafu ya shaba ya pesa moja: upande mmoja tai wa Ujerumani na jina la kampuni kwa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu, Sharikat Almaniya, yaani kampuni ya Kijerumani, pamoja na mwaka wa Hijria. Walijua wanazungumza na nani. Watu wa Bagamoyo na Kilwa walikuwa wakisoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu, na sarafu isiyosomeka isingeaminika.

Tatizo lilikuwa hesabu. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Hebu fikiria wewe, katibu wa vikoba, unagawa faida ya wanachama kwa hesabu ya sitini na nne. Mwaka 1904, serikali ya Kijerumani ikiwa imeshachukua kazi ya kutoa sarafu kutoka kwa kampuni, ilibadili mfumo: rupia ikabaki rupia, lakini ikagawanywa mara 100, na kila sehemu ikaitwa Heller. Rupia 15 zilikuwa sawa na mark 20 za Ujerumani.

Na hapa kuna jambo ambalo huwashangaza hata wanafunzi wa historia. Wakati huo Ujerumani kwenyewe haikuwa ikitumia Heller. Baada ya kuungana mwaka 1871 walichagua mark na pfennig, na Heller ikabaki kwenye misemo na hadithi za mabibi. Jirani yao Austria ndiye aliyekuwa nayo, tangu 1892. Kwa hiyo jina lililokwisha kufa kwao likafufuliwa kwa ajili yetu huku, likapewa maisha ambayo halikuwahi kuyapata kwao.

Ukipita mitaa ya katikati ya jiji, upande wa Posta, utawakuta wauzaji waliotandaza sarafu za kale kwenye kitambaa, pembeni ya noti za zamani na saa mbovu. Waombe Heller moja. Ni kitu kidogo cha shaba, cha rangi ya kahawia iliyokolea. Upande mmoja kuna taji, mwaka, na maneno Deutsch Ostafrika. Upande wa pili kuna tarakimu 1 na neno Heller, vimezungukwa na majani. Angalia vizuri utaona herufi ndogo: A ikiwa imefuliwa Berlin, J ikiwa imefuliwa Hamburg. Zile za Heller 10 zina tundu katikati, mtu aliweza kuzitunga kwenye kamba akatembea nazo. (Bei atakayokutajia usiikubali mara ya kwanza.)

Sarafu peke yake haitoshi kulifanya neno likae. Lililolikalisha ni ulazima. Tangu 1898 kulikuwa na kodi ya nyumba, na kodi ilimlazimisha mkulima aliyekuwa akijitosheleza kutafuta sarafu kwa kuuza mazao au kwa kwenda kibarua. Mwaka 1905 reli ya kati ilianza kujengwa kutoka hapa Dar es Salaam. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kando ya reli hiyo palikuwa na vibarua, mama lishe wa enzi hizo, wauza tumbaku na wauza ndizi, na biashara yao ilikuwa ya vitu vidogo vidogo. Rupia ilikuwa kubwa mno kwa mkungu wa ndizi. Kilichopita mkono kwa mkono kutwa nzima kilikuwa hela.

Mimi naamini hiyo ndiyo siri ya maneno haya yote. Tazama: reale, sarafu kubwa, imekufa midomoni mwetu. Rupia, kubwa, imebaki kwa wazee na kwenye mashairi. Pesa, ndogo kuliko zote katika mfumo wake, imebaki. Hela, ndogo, imebaki. Senti nayo haijafa, ingawa hakuna duka hapa mjini litakalokuuzia kitu cha senti: mtu bado husema hana hata senti, na anayetaka kujishusha husema ana vijisenti vyake. Jina linalodumu ni la kile ambacho maskini anakishika kila siku.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, manowari za Waingereza zikafunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakatika. Wajerumani wakahamishia ufuaji Tabora, kwenye karakana ya reli, na mwaka 1916 wakatoa hapo Heller 20 za shaba nyekundu na za shaba nyeupe ya maganda ya risasi, zikiwa na herufi T ya Tabora. Pia walitoa rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo mbele ya mlima, ambazo leo ni mali ya matajiri wa minada. Mwaka huohuo Waingereza wakaingia Dar es Salaam na Wabelgiji wakaingia Tabora. Heller ikawa imekwisha. Ukihesabu tangu 1904, ni kama miaka kumi na miwili tu ya kazi.

Sasa njoo kwenye tukio ambalo mimi naliona ndilo lililoibadili maana. Katika miaka hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 20, Kenya nayo ilikuwa na rupia yenye sehemu 100, lakini Mwingereza aliziita sehemu hizo senti. Zanzibar nayo ikaingia kwenye senti mwaka 1908. Kwa hiyo kitu kilekile, sehemu moja ya mia ya rupia, Mombasa kiliitwa senti, Unguja senti, na Dar es Salaam hela. Mwaka 1921 ilipokuja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, senti ikaingia Tanganyika na kuichukua kazi yote ya hela. Neno hela likabaki bila sarafu. Lingeweza kufa, kama yalivyokufa maneno mengi ya aina hiyo. Badala yake liliachishwa kazi ndogo likapandishwa cheo: likaacha kutaja sarafu moja, likaanza kumaanisha chochote cha kununulia.

Ushahidi uko kwenye sarufi yenyewe. Mwaka 1910 mtu angeweza kusema "nipe ndizi za hela mbili" akaeleweka bila shida. Jaribu kusema hivyo leo Mbagala Rangi Tatu, muuzaji atakutazama usoni kuona kama unaumwa. Hela siku hizi haihesabiki. Kuna hela nyingi, hela kidogo, hela ya kula, hela ya mboga, hela ya vocha, mahela na vihela, lakini hakuna hela tatu wala hela nne. Pesa ilipitia njia hiyohiyo.

Ushahidi wa pili ni ramani, na hapa ndipo wifi yako anaponisaidia. Chora mahali watu wanaposema hela kwa kawaida, utakuwa umechora kwa kiasi kikubwa koloni la Mjerumani. Mombasa ilikuwa ya Mwingereza, ikabaki na pesa. Unguja na Pemba zilikuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza tangu 1890, nazo zikabaki na pesa, ingawa siku hizi kwa sababu ya televisheni na wageni wa bara utaisikia hela Darajani. Upande wa magharibi ndiko kwenye utamu. Burundi ilikuwa ndani ya koloni lilelile, kisha ikachukuliwa na Mbelgiji, ikatumia faranga mpaka leo. Lakini Mrundi akitaja fedha kwa lugha yake anasema amahera. Ni hela yetu hiyohiyo, imevaa kiambishi cha Kirundi na L imekuwa R.

Sasa mwenyekiti. Yeye anaamini fedha ni neno safi na hela ni la mitaani, kana kwamba fedha ilizaliwa Kisarawe. Fedha ni Kiarabu, fidda, maana yake madini ya fedha, yale ya pete na ya medali ya mshindi wa pili. Kwa kuwa reale zilikuwa za madini hayo, aliyekuwa na fedha alikuwa na uwezo wa kununua, na jina la madini likawa jina la mali. Kwa hiyo nayo imebadilika maana, tena imeshika zote mbili kwa pamoja. Wahenga walipocheza nayo wakisema "fedha fedheha" walikuwa wanatumia neno lililokuja kwa jahazi. Tofauti ni kwamba lilikuja mapema zaidi na likapitia kwa wasomi na washairi, wakati hela imepitia kwa vibarua wa reli. Heshima ya neno mara nyingi ni heshima ya waliolitumia kwanza, na mimi sioni sababu ya kuwapunguzia vibarua heshima yao.

Ila hoja ya mwenyekiti inayosimama ni hii: kila moja kati ya maneno haya matatu lina mahali pake. Fedha ni ya ofisi. Tuna Wizara ya Fedha, mwaka wa fedha, fedha za kigeni, utakatishaji wa fedha. Weka hela hapo uone: "Waziri wa Hela" ni mzaha wa kijiweni. Pesa iko katikati, na kampuni za simu zimeipenda. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikaja Tanzania 2008, na waliofuata wengi wakabandika pesa kwenye majina ya huduma zao. Hata hivyo ukisimama dirishani kwa wakala, chini ya bango lililoandikwa pesa, utasikia: "Dada, nataka kutoa hela." Bango halijaushinda mdomo.

Hela ni neno la watu wanaojuana. Mama na mtoto, mke na mume, fundi na mteja aliyezoeleka. Wanaolijua hili vizuri kuliko walimu wa lugha ni matapeli wa simu. Ule ujumbe ambao kila mtu ameshaupata, "ile hela itume kwenye namba hii", umetungwa na mtu mwenye sikio kali la Kiswahili. Angeandika "zile fedha zitume", ungejua mara moja kwamba humjui. Neno "ile" linakufanya udhani kulikuwa na mazungumzo kabla, na "hela" inakufanya udhani ni shemeji.

Mitaa yenyewe haikuishia kwenye hela. Vijana wana mkwanja, mshiko, mpunga, chapaa, na ngawira, ambayo zamani ilikuwa mali iliyotekwa vitani. Elfu moja ni buku, mia tano ni jero, na noti nyekundu ya elfu kumi imeitwa msimbazi kwa ajili ya jezi za Simba. Mengi ya haya yatapita. Neno moja la zamani ambalo naona linapotea, na linaniuma kidogo, ni thumni, ambayo wengine waliitamka sumni. Wazee waliitumia kwa senti hamsini. Thumni ni Kiarabu, moja ya nane. Moja ya nane ya nini, wakati senti hamsini ni nusu ya shilingi? Ni ya reale. Reale ilikwenda kwa takriban rupia mbili, rupia ikabadilishwa kwa shilingi mbili, kwa hiyo reale moja ni kama shilingi nne, na ukiigawa kwa nane unapata senti hamsini kamili. Bibi yako alipokutuma dukani na sumni alikuwa bado anahesabu kwa sarafu ya Maria Theresa bila kujua.

Kijana wako je? Mwambie ndiyo, dala ni hela, tena ni ndugu wa mbali wa reale. Katika karne ya 16 kulikuwa na machimbo ya fedha mahali panapoitwa Joachimsthal, leo Jáchymov katika Jamhuri ya Cheki. Sarafu za huko ziliitwa Joachimsthaler, zikafupishwa kuwa thaler. Sarafu ya Maria Theresa ni thaler, na dola ya Marekani imechukua jina hapohapo. Waingereza walikuwa na mazoea ya kuita shilingi tano "dola", na hapa mjini sarafu ya shilingi tano ikawa dala. Miaka ya mabasi machache ya shirika la umma, magari ya watu binafsi yalijaza pengo kwa nauli ya shilingi tano, na makondakta wakapiga kelele "Dala! Dala!" Mwaka 1983 magari hayo yakaruhusiwa rasmi, na jina likawa limeshakaa. Nauli ya dala haipo tena. Siku hizi mtu husema "nimepanda daladala" bila kufikiria kwamba ametaja bei mara mbili.

Turudi kwenye muhtasari wako. Penye kiasi, usiandike hela wala fedha wala pesa: andika shilingi, kwa tarakimu na kwa maneno, ili asije mtu akaongeza sifuri. Penye jina la mfuko na penye taarifa ya mwaka, mkubalie mwenyekiti, andika fedha, kwa sababu karatasi hizo huenda zikafika benki au halmashauri. Penye maneno ya mwanachama aliyesimama akasema "hela ya rambirambi ichangwe kabla ya Jumamosi", acha hela yake ilivyo, ndivyo alivyosema. Na ukiwakumbusha wadaiwa kwenye kundi la simu, andika hela. Ukiwaandikia fedha watadhani umeshapeleka majina yao kwa mtendaji wa mtaa.